UZI: Jigi za Ireland kwenye kodiani ya vitufe (B/C). Panga upepo kabla ya vidole

Safu_ya_Ndani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Maswali ya kodiani ya vitufe yanatawanyika kwenye nyuzi za gitaa na kinanda, kwa hiyo nayaweka hapa pamoja. Uzi huu ni wa jigi (tuni za dansi) za asili za Ireland zinavyopigwa kwa kodiani ya safu mbili, aina ya B/C. Mtindo huu ulishika mizizi Ireland miaka ya 1950, na jina linalotajwa kwanza daima ni Paddy O'Brien wa Tipperary (1922–1991). Baada yake Joe Burke wa Galway (1939–2021) akaupeleka mbali zaidi kwa mapambo yake. Ukitaka kujua ala hii inatakiwa kutoa mlio gani, anza kwa kuwasikiliza hao wawili.

Tuanze na ala. Mkono wa kulia una safu mbili, jumla vitufe 21 au 23. Mkono wa kushoto una besi 8 na kitufe cha hewa kinachobonyezwa kwa dole gumba. Safu ya nje, iliyo mbali na mvukuto, ni ya B. Ya ndani ni ya C. Noti nzito ziko juu karibu na kidevu, nyembamba ziko chini. Kila kitufe kina noti mbili, moja ya kusukuma na nyingine ya kuvuta.

Safu ya ndani: ukisukuma unapata C, E, G. Ukivuta unapata D, F, A, B.
Safu ya nje: ukisukuma unapata B, D shapu, F shapu (shapu ni nusu-toni juu). Ukivuta unapata C shapu, E, G shapu, A shapu.

Noti zote 12 zimo. Sasa angalia vizuri: noti zinazopatikana pande zote mbili ni mbili tu. E unaipata kwa kusukuma ndani na kwa kuvuta nje. B unaipata kwa kuvuta ndani na kwa kusukuma nje. Nyingine zote zina mwelekeo mmoja basi. D ni ya kuvuta daima, G ni ya kusukuma daima, na hakuna ujanja wa kuikwepa hali hiyo. Ndiyo maana nasema mpiga B/C anapanga upepo kwanza. Anayekariri vitufe bila kukariri mwelekeo atafika kipimo cha nne mvukuto umefunguka hadi mwisho na mkono umekwama.

Mfano ni The Kesh Jig, iko ufunguo wa G, na wanafunzi wengi huko huanza nayo. Sehemu ya kwanza ina vipimo 8 (vinatenganishwa kwa alama |), kila kipimo noti fupi 6. Herufi kubwa ni oktava ya chini, ndogo ni ya juu, F zote ni shapu, na G3 maana yake G inashika nafasi ya noti fupi tatu:

G3 GAB | A3 ABd | edd gdd | edB dBA |
GAG GAB | ABA ABd | edd gdB | AGF G3

Ukiipiga kwa njia ya mkato, yaani kila e kwa safu ya nje na kila B kwa safu ya ndani, mwelekeo unakuwa hivi (S ni sukuma, V ni vuta):

SSS SVV | VVV VVV | VVV SVV | VVV VVV |
SVS SVV | VVV VVV | VVV SVV | VSS SSS

Hesabu: noti fupi 34 kati ya 48 ni za kuvuta, 14 tu ni za kusukuma. Na sehemu hii inarudiwa mara mbili kabla ya kwenda ya pili. Vidole vinafurahi kwa sababu mvukuto unageuka mara 10 tu, lakini upepo unalundikana ndani. Hapo ndipo wengi wanaanza kulaumu kodiani kwamba inavuja au ni ndogo.

Dawa ziko mbili na zinatumika pamoja.

Ya kwanza ni kitufe cha hewa. Kwenye G3 ya kipimo cha kwanza na G3 ya kipimo cha mwisho, bonyeza kitufe cha hewa nusu huku unasukuma. Mvukuto unafunga haraka wakati G inaendelea kulia. Ukikibonyeza hadi chini, G inakufa, kwa sababu hewa inapita njia nyepesi na ndimi (vibamba vya chuma vinavyotoa sauti) hazipati msukumo. Zoezi lake: shika G ndefu, fungua hewa kidogo kidogo, sikiliza ni wapi sauti inaanza kupungua, rudi nyuma kidogo. Hapo ndipo dole gumba linatakiwa likae.

Ya pili ni kuhamisha e. Kwenye vipimo vya 3, 4 na 7 zipo e tatu. Ukizichukua kwa kusukuma (safu ya ndani), kuvuta kunashuka hadi 31. Ongeza B ya kwanza ya kipimo cha 4 uichukue kwa kusukuma safu ya nje, unafika 30 kwa 18. Si tofauti kubwa kwenye karatasi, ila zile S zinakuja katikati ya mlolongo mrefu wa V, mahali ambapo mvukuto unazihitaji hasa.

Sehemu ya pili nitaileta chini. Karibuni.

---

Binti_Kinanda

Asante mkuu, mchanganuo wa S na V ndio nilikuwa nautafuta. Swali kwa niaba ya wapiga taarabu: kodiani ya taarabu ni ya kinanda, na noti ni ile ile ukivuta au ukisukuma. Mtu anayetoka huko anahama na nini, na anaacha nini?

---

Safu_ya_Ndani

Dada, anahama na sikio, udhibiti wa mvukuto na mkono wa kushoto usioogopa uzito. Anachoacha ni ile tabia ya kugeuza mvukuto pale sentensi ya muziki inapoishia. Kwenye kodiani ya taarabu mwelekeo ni pumzi ya mwimbaji. Kwenye B/C mwelekeo ni sehemu ya noti yenyewe, kwa hiyo unageuka katikati ya neno na msikilizaji hatakiwi kusikia pengo. Njia ya kuziba pengo: kidole kinaachia kitufe kidogo kabla ya mvukuto kugeuka, na kinabonyeza kingine mvukuto ukiwa tayari umeshageuka. Kitufe kikiwa bado kimebonyezwa wakati wa kugeuka, unasikia noti ya pili ya kitufe hicho ikichungulia. Ukitoka A kwenda G, kwa mfano, kitufe ni kile kile kimoja, na wageni wanaacha kidole kikiwa kimelala. Matokeo yake ni A na G zilizoungana kama mlio wa mlango. Inua kidole, hata kama ni kwa unywele, kisha bonyeza tena.

---

Mzee_wa_Mvukuto

Uzi mzuri. Naongeza habari ya mdundo, maana hapo ndipo jigi nyingi zinazopigwa huku kwetu zinapoharibika.

Jigi ya kawaida ni 6/8, lakini haihesabiwi sita. Inahesabiwa mbili: MOJA-na-ya MBILI-na-ya. Mkazo uko noti ya 1 na ya 4. Sisi wa ukanda huu tuna ngoma nyingi ambazo mbili na tatu zinapishana ndani ya mzunguko mmoja, na mkono unataka kwenda huko wenyewe. Kwenye jigi usiende. Mchezaji dansi anakanyaga mbili, na ukimpa tatu hata kwa kipimo kimoja mguu wake unakosa pa kutua.

Pia zile noti tatu hazilingani. Ya kwanza ni ndefu kidogo, ya pili ni fupi, ya tatu iko katikati na inaegemea mbele kuelekea mkazo unaofuata. Ukizipiga sawa sawa unasikika kama cherehani. Ukiizidisha ile ya kwanza hadi noti ya pili ikawa kama kikwazo, unapata kitu cha kuchechemea ambacho si jigi. Mkazo wenyewe utoke kwenye mvukuto, si kwenye kidole: msukumo mdogo wa mkono wa kushoto kwenye noti ya 1 na ya 4, hata kama noti zote sita ni za mwelekeo mmoja. Kipimo cha 6 cha Kesh, ambacho chote ni V, ndicho zoezi bora. Kama ukipiga ABA ABd bila kugeuka na bado mtu anasikia mapigo mawili, umeshafika.

Mwendo: anzeni metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo kwa dakika) 60, pigo moja kwa kila noti tatu. Pandisheni nne nne. Kwenye vikao vya baa huko Ireland jigi huwa kati ya 110 na 120. Kwa 112, AABB nzima (kila sehemu mara mbili, vipimo 32, mapigo 64) inachukua sekunde 34 hivi. Kwa dansi ya mashindano mambo hubadilika: jigi ya viatu vizito ya daraja la juu hupigwa polepole mno, 73, kwa sababu mchezaji anajaza nafasi kwa miguu. Kupiga 73 bila kulegea ni kugumu kuliko kupiga 115.

---

CsD_Daima

Wakuu, salamu. Naheshimu B/C, lakini uzi wa jigi bila kutaja C shapu/D (kodiani yenye safu ya C shapu na safu ya D) haujakamilika. Hii ndiyo ala ya mpiga kodiani Jackie Daly, na ndiyo inayobeba muziki wa Sliabh Luachra, mpakani mwa Cork na Kerry. Safu ya D: ukisukuma D, F shapu, A. Ukivuta E, G, B, C shapu. Jigi nyingi unaipiga karibu yote kwenye safu hiyo moja.

Nimechukua Kesh hiyo hiyo ya mkuu nikaipima:

VVV VSV | SSS SVS | VSS VSS | VSV SVS |
VSV VSV | SVS SVS | VSS VSV | SVS VVV

Noti fupi 24 za kusukuma, 24 za kuvuta. Nusu kwa nusu kamili. Hakuna mlundikano wa upepo. Ila mvukuto unageuka mara 34, dhidi ya 10 za B/C. Kila mgeuko unatoa mkazo kidogo, kwa hiyo mdundo unajitokeza hata kama mpigaji hajaufikiria. Ndiyo maana wachezaji dansi wa seti wanaipenda sana. Gharama yake ni mkono wa kushoto kuchoka na kodiani kubwa kuwa mzigo. Kwa C shapu/D chagua ala nyepesi yenye mvukuto unaojibu haraka.

---

Safu_ya_Ndani

Mkuu CsD, hesabu yako nimeipitia na iko sawa. Na inaeleza tofauti ya mitindo kuliko maneno: 10 dhidi ya 34. B/C inatoa mstari unaotiririka na nafasi ya mapambo, C shapu/D inatoa mdundo wa bure. Mtu wa B/C inabidi auweke mdundo kwa makusudi, kama Mzee alivyosema.

Sasa sehemu ya pili ya Kesh kwa B/C:

BAB dBd | ege dBG | BAB dBG | ABA AGA |
BAB dBd | ege dBd | gfg aga | bgg g3

Hapa mpango ni kinyume cha sehemu ya kwanza. Kipimo cha 1 chote vuta. Kipimo cha 2, ege zote sukuma safu ya ndani, d vuta, kisha B sukuma nje na G sukuma ndani. Vipimo viwili vya mwisho ndivyo vyenye mtego: gfg sukuma, a vuta, g sukuma, a vuta, halafu bgg g3 yote sukuma ukichukua b kwa safu ya nje. Noti fupi 10 kati ya 12 za mwisho ni za kusukuma. Maana yake ukifika kipimo cha 7 mvukuto uwe wazi. Aliyetumia kitufe cha hewa kwa pupa kwenye ege ya kipimo cha 6 anaishiwa upepo kwenye g3, mahali ambapo tuni inafunga. Kwa hiyo sehemu ya A unatoa hewa, sehemu ya B unaitunza.

Kanuni ya jumla ya noti zenye njia mbili: e ikiwa jirani ya f shapu au g, isukume. Ikiwa jirani ya d, ivute, isipokuwa mvukuto umejaa. B ikiwa kati ya A na d, ivute. Ikielekea G, isukume. Kanuni hii itakubeba kwenye jigi nyingi za G na D bila kuandika S na V kila mara.

---

Noti_Tatu

Mkuu, mapambo je? Nimesikia ule mzungusho wa noti tano kwenye G3, ila nikiujaribu unakatika.

---

Binti_Kinanda

Naungana na swali. Na kwa nini mizungusho ya Joe Burke ina ladha ya nusu-toni ambayo mpiga fidla haitoi?

---

Mzee_wa_Mvukuto

Hayo maswali mawili yana jibu moja. Mzungusho ni noti tano kwenye nafasi ya noti fupi tatu: noti yenyewe, ya juu, yenyewe, ya chini, yenyewe. Kwa filimbi au fidla, G inazungushwa kwa A na F shapu. Kwa B/C haiwezekani, kwa sababu G ni ya kusukuma na A ni ya kuvuta. Ukilazimisha, mvukuto unageuka mara mbili ndani ya nusu sekunde na mzungusho unakatika. Hapo ndipo ulipokwama, ndugu yangu.

Kwa hiyo noti ya juu na ya chini huchaguliwa kwa mwelekeo, si kwa ujirani wa skeli. Orodha ya kukariri (# ni shapu):

G: G-B-G-F#-G, zote sukuma. F shapu kidole cha shahada, G cha kati, B ya safu ya nje cha pete.
F#: F#-G-F#-E-F#, zote sukuma, E ya safu ya ndani.
A: A-B-A-G#-A, zote vuta. Hiyo G shapu ndiyo nusu-toni unayoisikia, dada. G ya kawaida haipo kwenye kuvuta, kwa hiyo safu ya nje inakupa G shapu. Kilichoanza kama kizuizi cha ala kimekuwa utambulisho wa mtindo mzima.
B ya kuvuta: B-c#-B-A-B, au d badala ya c shapu.
d: d-e-d-c#-d, zote vuta, e ya safu ya nje.
e ya kusukuma: e-f#-e-d#-e, safu zote mbili, hakuna kugeuka.
c ya kawaida: c-e-c-B-c, sukuma, B ya nje.

Muda: noti ya kwanza ishike karibu theluthi nzima ya nafasi. Zile za juu na chini ziguswe tu. Kosa la kawaida ni kuzigawa tano sawa sawa. Hapo mkazo unayeyuka na kipimo kinaonekana kimechelewa. Kosa la pili ni kuzungusha kila mahali. Kwenye mzunguko wa kwanza wa Kesh, zungusha A3 tu, G3 iache ndefu utoe hewa. Mzunguko wa pili unaweza kubadilisha.

---

Safu_ya_Ndani

Naunga mkono hilo la kuiacha G3. Mzungusho wa G na kitufe cha hewa kwa wakati mmoja ni kazi ya mikono iliyokomaa. Upepo ukipungua, zile noti za kugusa hazilii kabisa.

---

Fundi_Ndimi

Habari wakuu. Kwa wanaonunua zilizotumika, maana mpya ni ghali na nyingi zinatengenezwa Italia, hasa Castelfidardo. Paolo Soprani za kijivu na nyekundu za miaka ya 1940 na 1950 zinasakwa sana na Waireland hadi leo, na bei yake inajieleza.

Kipimo cha uvujaji: shika upande wa vitufe juu, acha upande wa besi uning'inie, usibonyeze chochote. Mvukuto ukishuka taratibu sana, sawa. Ukishuka kwa kasi, kuna mahali hewa inapita: pembe za mvukuto, gasketi, au pedi za vitufe. Kisha pima kila kitufe pande zote mbili. Vitufe 23 ni milio 46, usiruke hata mmoja.

Kutambua hitilafu: noti ikikataa kusukuma lakini ya kuvuta inalia kwenye kitufe hicho hicho, tatizo liko kwenye ulimi au vali ya ngozi ya upande huo. Zikikataa zote mbili, angalia kitufe na pedi yake. Noti ikichelewa kuanza au ikitoa mluzi, mara nyingi vali imejikunja. Noti ikikwaruza, kuna vumbi au kutu kati ya ulimi na fremu. Vumbi unaweza kulitoa kwa kupitisha ukanda mwembamba wa karatasi chini ya ulimi. Usiupinde, usiukwangue kwa kisu. Kukwangua karibu na ncha kunapandisha sauti, karibu na shina kunaishusha, na chuma kilichoondoka hakirudi.

Jambo la pwani: bamba za ndimi zimeshikwa kwa nta iliyochanganywa na ulimbo. Ndani ya buti la gari lililoegeshwa juani Dar, Mombasa au Muscat, nta inalainika, bamba zinasogea, na kodiani nzima inaanza kulia hovyo. Ikitokea, usiipige. Ilaze kama ilivyokuwa, ipoe, ndipo ifunguliwe. Na unyevu wa chumvi unaleta kutu. Weka vifuko vya kunyonya unyevu ndani ya sanduku na uvibadilishe.

---

CsD_Daima

Fundi, vipi ule mtetemo wa sauti? Nyingi za zamani zinatetemeka mno kwa masikio ya sasa.

---

Fundi_Ndimi

Mkuu, kila noti ina ndimi mbili au zaidi zinazolia pamoja, na moja imepandishwa kidogo. Tofauti hiyo inapimwa kwa senti, mia moja kwa nusu-toni. Chini ya 5 unapata sauti kavu. Karibu 10 ni mtetemo wa wastani unaopendwa sana sasa. Kuanzia 20 ni ule mtetemo mnene wa rekodi za zamani. Ukikaa na fidla na filimbi, sauti kavu inachanganyika vizuri. Ukipiga peke yako kwenye dansi, mnene unabeba. Kuipunguza kutoka 20 hadi 10 ni kazi ya kugusa ndimi zote za safu moja ya sauti, pande zote mbili, kwa hiyo fikirieni kabla ya kununua.

---

Noti_Tatu

Na besi? Zangu zikiguswa kwenye Kesh zinagombana na tuni.

---

Mzee_wa_Mvukuto

Kodiani nyingi za B/C zinatoka kiwandani na besi zilizopangwa kufuata funguo za B na C, na jigi ziko D, G, A na E. Kwa hiyo mgongano huo ni wa kutarajiwa. Wapigaji wengi hupeleka kwa fundi abadilishe besi ziendane na funguo hizo na aondoe noti ya tatu kwenye kodi (noti zinazolia pamoja), ili kodi moja ifae meja na maina. Kabla ya hapo ziache kimya, hakuna atakayekudai. Baada ya hapo, gusa besi kwenye noti ya 1 na ya 4 tu, fupi. Besi ndefu inakula upepo wa mkono wa kulia.

---

Binti_Kinanda

Tukimaliza Kesh, tuni ya pili iwe ipi? Nilifikiria The Connaughtman's Rambles au Morrison's.

---

Safu_ya_Ndani

The Connaughtman's Rambles ni ya D na itakuzoesha kuruka kati ya F shapu (sukuma) na A (vuta). Kwenye dfe ya kipimo cha tatu, d vuta, f shapu na e sukuma zote mbili, kufuata ile kanuni ya jirani.

Lakini mimi ningekupeleka Morrison's, kwa sababu vipimo vyake vinne vya mwanzo vinatumia njia zote mbili za E na za B ndani ya pumzi moja. Iko E doriani (skeli inayokaribia maina), F na c zote shapu:

E3 B3 | EBE AFD | EDE B3 | dcB AFD

Kipimo cha 1: E sukuma ndani, B sukuma nje. Mizungusho yote miwili iwe ya kusukuma: E kwa F shapu na D shapu, B kwa D shapu ya juu yake na F shapu ya chini yake.
Kipimo cha 2: EBE endelea kusukuma, A vuta, F shapu sukuma, D vuta. Mpaka hapo umesukuma noti fupi tisa mfululizo, kwa hiyo anza tuni mvukuto ukiwa wazi kiasi cha shibiri moja. Aliyeanza na mvukuto uliofungwa hafiki kwenye A.
Kipimo cha 3: hamia E ya safu ya nje. EDE yote vuta, B3 ya safu ya ndani vuta, uizungushe kwa c shapu na A.
Kipimo cha 4: dcBA vuta, F shapu sukuma, D vuta.

Kosa utakalokutana nalo ni kubaki na E ya ndani kwenye kipimo cha 3. Inalia sawa, hakuna atakayesikia noti isiyo yake, ila EDE inakuwa sukuma-vuta-sukuma, mvukuto unazidi kufunga baada ya zile tisa, na B3 inakukuta huna nafasi. Fanyia zoezi kipimo cha 2 na cha 3 peke yake, metronomu 50, ukisema kwa sauti "ndani" kwenye E ya kipimo cha 2 na "nje" kwenye E ya kipimo cha 3, mpaka kidole cha mkono wa kulia kihame safu bila kusubiri mvukuto.

---

Noti_Tatu

Na zile za 9/8, mpango wa upepo unabadilika?

---

Mzee_wa_Mvukuto

Kanuni ni zile zile, ila kila kipimo kina mapigo matatu badala ya mawili, na sehemu nyingi ni fupi, kwa hiyo mahali pa kutoa hewa ni pachache. Tafuta noti ndefu za G au F shapu mwishoni mwa vipimo vya 2 na 4, uziwekee alama kwa penseli kabla hujaanza. Za 12/8 za Sliabh Luachra zina noti ndefu-fupi nyingi na mwendo wa kasi. Hizo mwachieni CsD aje na hesabu yake.

---

CsD_Daima

Nimesikia, Mzee. Naandaa mbili, moja ya D na moja ya G, zenye S na V za mifumo yote miwili sambamba. Nitaziweka hapa hapa.